Umeme Unaopita Juu ya Chungu

Barabara ya lami itokayo Lusahunga kwenda Rusumo ni barabara ya malori. Yanapanda na kushuka usiku na mchana yakiwa na saruji, mafuta na ngano ya Kigali na Bujumbura, na abiria aliye ndani ya basi dogo hukaa akitazama turubai la lori moja kwa muda mrefu kabla dereva hajapata pa kulipita. Misitu ya Biharamulo ikibaki nyuma, nchi inaanza kujikunja. Vilima vinasogeleana, mabonde yanakuwa membamba, na juu ya yote zimetandazwa nyaya za kilovolti 220 zinazoutoa umeme Rusumo na kuufikisha Nyakanazi, unakoungana na gridi ya taifa. Pa kuiacha lami ni Nyakahura. Kutoka hapo njia inakatiza Bushubi, nchi ya Washubi, hadi Rulenge. Na Rulenge nayo siyo mwisho, maana Bugarama iko mbele zaidi, upande wa mpaka wa Burundi. Naandika juu ya njia hii kwa sababu inaonyesha jambo moja ambalo mikutano mingi ya maji, nishati na chakula hulizungumza bila kulifikia. Mambo hayo matatu hukutana kwanza kwenye chungu cha maharage. Mpango wowote wa mto au wa umeme ambao haujagusa chungu hicho haujayaunganisha, hata kama hati zake zinasema hivyo.

Bugarama ni kata ya wakulima katika Wilaya ya Ngara. Migomba imezunguka nyumba, mihogo na mahindi yako mbali kidogo, na chini ya migomba hupandwa maharage, ambayo ndiyo kitoweo cha karibu kila siku katika sehemu hii ya Kagera. Tazama basi jinsi yanavyopikwa. Maharage makavu ya msimu uliopita, yaliyokaa ghalani mpaka ganda likawa gumu, yanatiwa kwenye maji baridi, chungu kinawekwa juu ya mafiga, na moto unakokwa. Yatachemka saa mbili, pengine tatu. Maji yatapungua, yataongezwa. Yatapungua tena, yataongezwa tena. Kipande cha magadi kikitiwa, muda unapungua kidogo. Yakiwa yamelowekwa tangu usiku, muda unapungua sana. Lakini kuloweka kunataka chombo cha pili na maji mengine, na maji yako bondeni. Dumu la lita 20 hupandishwa kichwani kwenye njia ambayo masika huitelezesha na kiangazi huijaza vumbi, na anayelipandisha ni mwanamke au binti. Kwa hiyo mpishi anayeamua kuloweka au kutoloweka anapima kuni dhidi ya maji, na maji dhidi ya muda wa shambani. Huo ni usimamizi wa rasilimali, na unafanywa kila jioni na mtu ambaye hakuna wizara iliyowahi kumwita mkutanoni.

Huko duniani mazungumzo haya yalipata umaarufu mkubwa baada ya mkutano wa Bonn, Ujerumani, wa Novemba 2011, uliosisitiza kwamba maji, nishati na chakula havipaswi kupangwa kila kimoja kivyake. Hoja ilikuwa sahihi. Kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji yote matamu ambayo binadamu huyachota mitoni, maziwani na ardhini, na safari nzima ya chakula kutoka shambani hadi mezani hula karibu asilimia 30 ya nishati ya dunia. Lakini hesabu za namna hiyo ni hesabu za mashamba ya umwagiliaji, viwanda vya mbolea na majokofu. Zikiletwa kwenye mlima wa Bugarama, ambako shamba linanyeshewa na mvua na mbolea ni ya ng’ombe, hazioni kitu. Kinachoonekana ni kuni, na kuni haziko katika hesabu ya wizara ya nishati kwa uzito zinaostahili, wala katika hesabu ya kilimo.

Ngara imeshawahi kuuona ukweli huu kwa ukubwa wa kutisha. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na mji wa mahema ukasimama Benaco, kando ya ziwa dogo la kuchimbwa ambalo ndilo lililokuwa chanzo chao cha kwanza cha maji. Chakula kililetwa kutoka nje: mahindi, maharage, mafuta. Maji yalisukumwa kwa mashine na kusafishwa. Nishati ya kupikia haikuletwa na mtu. Ilitakiwa iokotwe. Kambi za Kagera zilipojaa, zilikuwa zikichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku, na kwa watu zaidi ya nusu milioni hiyo ni kama kilo mbili kwa kila kichwa. Mashirika ya misaada yaligundua baadaye kile ambacho mpishi yeyote angewaambia tangu mwanzo, kwamba aliyegawa maharage makavu amegawa pia deni la kuni, na aliyegawa mahindi ya punje badala ya unga ameongeza deni hilo. Wakaanza kufundisha kuloweka, kufunika chungu, kujenga majiko ya udongo na kupasua kuni na kuzikausha. Ilikuwa kazi nzuri iliyochelewa. Vilima vilikuwa vimekwisha kuwa vipara, na wenyeji wa Ngara ndio waliobaki navyo wageni waliporudishwa kwao Desemba 1996.

Mtu makini atauliza: je, ni kweli kuni za kupikia ndizo zinazomaliza misitu? Swali hili ni la haki, na jibu lake kwa sehemu kubwa ni hapana. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wengi walitabiri kwamba Afrika ingeishiwa kuni kabisa, na utabiri ule haukutimia, kwa sababu wanavijiji huokota matawi makavu, hupanda miti yao, na miti hukua tena. Kinachofyeka msitu zaidi ni shamba jipya. Kambi ya wakimbizi ilikuwa jambo la pekee, watu wengi mno mahali padogo mno. Nalikubali hilo lote. Lakini madhara ya kuni kijijini hayapimwi kwa miti iliyoanguka pekee. Kuni zikiwa mbali, jiko linageukia shamba. Linachomwa gunzi, bua la mahindi, bua la mtama, vyote ambavyo vingeoza na kurudisha uhai wa udongo au kulisha mbuzi. Jiko linapokula mabaki ya shamba, shamba la mwaka ujao linapungua nguvu. Likipungua, mkulima anapanda juu zaidi kwenye mteremko kutafuta ardhi nyingine. Na mteremko ukilimwa bila matuta, mvua za vuli zinauteremsha bondeni. Kwa njia hiyo kuni zinahusika hata na ule msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba.

Na dawa inayokimbiliwa mara nyingi, yaani kupanda mikaratusi, ina bei yake kwa upande wa maji. Mkaratusi unakua haraka, unachipua tena ukikatwa, na unauzika kama nguzo. Hakuna mti wenye faida ya haraka kama huo kwa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi, na simlaumu anayeupanda. Tatizo ni pale anapoupanda. Ardhi yenye unyevu bondeni, karibu na chemchemi, ndiyo inayoukuza vizuri zaidi, na ndiyo hiyo ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mita 60 ni rahisi kuandika. Kwa familia ambayo shamba lake lote lina upana usiofika mara mbili ya hapo, ni kuambiwa iache nusu ya urithi wake bila fidia. Ndiyo maana naona sheria ile haitekelezeki vizuri kwa mgambo na faini. Inatekelezeka pale ambapo familia ina nishati nyingine na ina sababu ya kipesa ya kuuacha ukingo wa chemchemi uote majani.

Hapo ndipo Rusumo inapoingia. Mto Ruvubu, unaoanzia kaskazini mwa Burundi, unakutana na ule utokao Rwanda karibu kabisa na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo unaitwa Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayomimina maji Ziwa Victoria. Ndoto ya kuyageuza maporomoko yale kuwa umeme ni ya zamani. Rwanda, Burundi na Tanzania ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera mwaka 1977, Uganda ikajiunga mwaka 1981, na shirika likafa bila kuzungusha hata panka moja. Mradi uliojengwa hatimaye, chini ya mpango wa nchi za Bonde la Mto Nile, ni wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa nchi tatu, na Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya mtambo huo mwaka 2013. Jambo ninalolithamini zaidi katika historia hiyo ni uamuzi uliofanywa kabla ya ujenzi. Michoro ya awali ilitaka bwawa kubwa la kulimbika maji. Bwawa hilo lingefunika mabonde oevu ya juu, ambako wakulima wa nchi zote tatu hupata chakula cha kiangazi wakati mteremko umekauka. Wapangaji wa mradi wakachagua mtambo unaotumia maji jinsi mto unavyokuja, wenye nafasi ndogo ya kuhifadhi. Walikubali kukosa uwezo wa kuweka akiba ya maji ya umeme ili mashamba ya bondeni yabaki. Huo ni uunganishaji wa kweli wa maji, nishati na chakula, na ulifanyika hapa kwetu.

Lakini mtambo usio na akiba kubwa unategemea zaidi tabia ya mto, na tabia ya mto inatengenezwa vilimani. Mteremko wenye matuta, majani na migomba iliyotandazwa matandazo hunyonya mvua na kuiachia polepole kupitia chemchemi miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mteremko ulio uchi huitupa mvua yote kwa mara moja pamoja na udongo, kisha kiangazi hauna cha kutoa. Kwa maneno mengine, kilima chenyewe ndicho bwawa la Rusumo. Mradi wa FAO wa usimamizi wa ardhi katika bonde la Kagera, uliofanya kazi katika nchi nne, Ngara ikiwemo, kuanzia mwaka 2010, ulifundisha matuta, matandazo, kilimo mseto na hifadhi ya vyanzo. Miradi ya namna hii huisha na fedha zake. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo isitegemee mradi. Itegemee mita ya umeme. Sehemu ndogo ya mapato ya kila uniti inayouzwa kutoka Rusumo irudi kwa vijiji vilivyo katika vilima vinavyoulisha mto, ikiwa malipo ya kazi inayoonekana na kupimika: mita za matuta, chemchemi iliyozungushiwa uzio, ukingo ulioachwa. Tanzania tayari ina msingi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mzalishaji wa umeme ni mtumiaji wa maji kama wengine, ana kibali, na analipa ada kwa bodi ya bonde. Ada inafika ofisini. Haijapewa njia ya kupanda mlima.

Watakuja waseme kwamba hii ni kumlipa mkulima kwa kitu anachopaswa kukifanya bila kulipwa, na kwamba mharibifu wa mto ndiye mkulima mwenyewe. Tumewahi kuifuata fikra hiyo, na tunajua ilikotufikisha. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kila kiangazi kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, na bwawa la Mtera likapungua mpaka nchi ikaingia gizani mwaka 2006, lawama ziliangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Wafugaji waliondolewa na ng’ombe wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hesabu haikuwa rahisi hivyo: mpunga ulichangia kweli kuukausha mto katika hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, lakini upungufu wa Mtera ulihusu pia namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa na maji yalivyofunguliwa. Mtera ina megawati 80, sawasawa na Rusumo. Sitaki kusikia, mvua zitakapochelewa mwaka wowote ujao, kwamba mwanamke wa Bushubi mwenye jembe ndiye aliyezima taa za nchi tatu.

Nirudi kwenye chungu. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na umeme umekwisha kupelekwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kijiji kufikiwa na umeme ni jambo kubwa, nami nalipongeza kwa moyo wote. Ngara hii ilikuwa ikiwashiwa taa kwa majenereta ya dizeli. Lakini tembea jioni katika vijiji vya njia hii uone. Taa inawaka barazani, simu inachajiwa, na nyuma ya nyumba moshi unatoka kwenye banda la jikoni kama ulivyotoka kabla nguzo hazijasimikwa. Umeme umefika nyumbani ukaishia sebuleni. Wengi huamini kupika kwa umeme ni anasa, na kwa jiko la koili waliloliona mjini wana haki ya kuamini hivyo. Jiko la presha la umeme ni habari nyingine. Nusu kilo ya maharage huiva ndani yake kwa saa moja hivi, kwa chini ya uniti moja, na kwa sababu mvuke hautoki, maji yaliyotiwa mwanzo ndiyo yanayomaliza kazi. Kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti imekuwa ikiuzwa Sh 100. Maharage ya kila siku kwa mwezi mzima hayafiki uniti 30. Hayo ni maharage yenye kuni sifuri, na madumu machache yanayopandishwa mlimani.

Najua yanayofuata. Bei ya jiko lenyewe ni kubwa kuliko fedha taslimu anazozishika mkulima kwa wakati mmoja, na umeme wa vijijini hukatika saa ya mapishi. La kwanza lina jibu: kuunganishwa umeme kijijini kumelipiwa Sh 27,000 kwa sababu serikali iliamua kubeba gharama iliyobaki. Ikiwa nguzo ilistahili ruzuku, jiko linastahili pia, na likatwe kidogo kidogo kwenye LUKU kama mkopo. La pili ni zito zaidi, na hakuna atakayevunja mafiga yake kabla laini haijatulia. Sawa, yabaki. Chungu kikihamishiwa kwenye umeme siku nne kati ya saba, mzigo wa kuni umepungua kwa zaidi ya nusu, na magunzi yamerudi shambani. Wapo pia wanaopendekeza biogesi badala ya umeme, kwa kuwa ng’ombe wapo na tope linalotoka ni mbolea bora kwa migomba. Naipenda, lakini ina sharti ambalo halisemwi kwa sauti: kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji. Kwa nyumba iliyo karibu na bomba ni neema. Kwa nyumba ya juu ya kilima ni dumu jingine kichwani kwa mama yule yule. Hapo bomba litangulie, na pampu ya bomba iendeshwe kwa umeme au jua, maana mradi wa maji wa kijiji unaotegemea dizeli hufa siku jumuiya ya watumia maji inaposhindwa kununua pipa.

Bugarama imeongezewa jambo jingine, na ni kubwa. Chini ya vilima vya kata hii na jirani zake kuna nikeli ya Kabanga, moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijachimbwa. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, taifa likiwa na hisa ya asilimia 16. Nikeli hiyo inatafutwa kwa betri za magari ya umeme ya nchi za mbali. Mgodi unataka ardhi, unataka maji, unataka umeme mwingi: mahitaji yale yale ya chungu, kwa kipimo kingine. Sioni sababu ya kuukataa. Naona sababu ya kuuliza mapema, kabla mashimo hayajachimbwa, laini itakayovutwa kwa ajili ya mashine itashuka wapi kwenye transfoma za vitongoji, maji yatapimwa na nani mwezi wa Agosti, na familia inayohama itapewa shamba lenye maji ama nyumba ya bati tu. Gari lisilotoa moshi mjini Oslo lisiwe limeacha moshi kwenye banda la jikoni Bugarama.

Njia ya kurudi inapitia Rulenge, inashuka kuvuka Ruvubu na kupanda kwenda Murugarama, halafu lami, halafu Benaco, halafu mpakani. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa na Marais Magufuli na Kagame Aprili 6, 2016, na malori yanalivuka kwa mstari. Chini yake maji yanapita kwa kishindo, yana rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa juu, ule wenye mbolea, umetoka Kayanza kule Burundi, umetoka milima ya Rwanda, umetoka Bushubi. Chembe zake zinasugua chuma cha mitambo, kisha zinaendelea na safari kuelekea Kyaka na Ziwa Victoria, na mwaka mwingine maji hayo hayo yatazungusha mitambo ya Jinja. Mvua ikinyesha usiku huu juu ya vilima, kesho asubuhi rangi itakuwa nzito zaidi, na ofisi ya mtambo itaiona kabla ya mtu mwingine yeyote.